Kipini Kilicholegea

Zuhura alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa kwenye karakana yangu Gatina, huku Kawangware, mikono imejaa grisi. Aliniambia dua ya arobaini ya baba yake itasomwa Jumamosi, na nisipokuja hatanisamehe. Nikamjibu nitakuja. Nilipokata simu nilikaa juu ya sanduku la vifaa muda mrefu mpaka mmoja wa vijana ninaofanya nao kazi akaniuliza kama nimeletewa habari mbaya. Habari mbaya nilikuwa nimeipata siku nyingi kabla, na mazishini sikwenda. Nilijiambia Waislamu huzika haraka, kwamba ningefika kaburi limeshafunikwa, kwamba nilikuwa na jenereta ya kanisa iliyokuwa ikingojewa. Yote hayo ni maneno tu. Kutoka Kawangware hadi Kibera mtu mwenye miguu miwili hufika, na mimi yangu yote ni mizima. Sikwenda kwa sababu naona aibu. Nimeona aibu miaka thelathini, na sijawahi kumwambia mtu sababu yake, hata mke wangu, ambaye humwambia kila mtu kwamba mumewe hana siri.

Mwaka aibu hiyo ilipoanza nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikifanya kazi kwa Mzee Faraj, baba yake Zuhura, fundi wa Kinubi, pale Laini Saba, Kibera, kando ya reli. Karakana yake ilikuwa ya mabati yaliyotoboka, na meza ya kazi ilikuwa mataruma mawili ya reli yaliyolazwa juu ya matofali. Tulitengeneza jenereta, misumeno ya kukatia miti na mashine za kusagia unga, lakini jina la Mzee lilitokana na injini za boti. Nikisema hivyo leo watu hucheka. Kibera, mahali ambapo maji ya kunywa yenyewe unapanga foleni, boti imetoka wapi? Lakini nusu ya majirani zetu walikuwa wametoka kandokando ya ziwa, na kila mmoja alikuwa na mjomba mwenye boti. Injini ikiwashinda mafundi wa huko ilifungwa kwa magunia, ikapandishwa juu ya basi, ikafika Nairobi na barua iliyokunjwa ndani ya karatasi ya plastiki. Mzee alikuwa amefanya kazi na injini hizo Kisumu kabla sijazaliwa. Alizijua zile kuukuu, zinazokunywa petroli iliyochanganywa na mafuta ya injini, na alizipenda kuliko mashine nyingine yoyote.

Injini ya boti huwezi kuiwasha bila maji, itaungua. Kwa hiyo tulikuwa na pipa kubwa mbele ya mlango. Siku ya kujaribu injini nilisukuma mkokoteni hadi kwenye kioski cha maji Mashimoni nikarudi na mitungi, mara tatu au nne, mpaka pipa lijae. Injini iliyofungwa kwenye ukingo wa pipa ilinguruma na kuyakoroga maji, moshi wa bluu ukaenea relini, na watu wakakusanyika. "Mzee, leo mnaenda wapi?" mtu aliuliza kila mara, na Mzee, bila kuinua kichwa, alijibu, "Mbita. Panda, nafasi iko." Mzaha ule ule wa kwenda ziwani kila wiki, na kila wiki watu walicheka. Mimi nilisimama kando ya pipa na kitambaa begani, nikijiona nahodha.

Saa saba tulikwenda kula kwake, nyumba ya udongo yenye ua, mwendo wa dakika kumi. Tulikaa mkekani, Mzee, mimi na Zuhura, aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza shule. Mama Zuhura alituletea gurusa, vile vikate vyembamba vya Kinubi vinavyofanana na karatasi, na mchuzi wa kuchovya. Alhamisi ilikuwa supu ya mbavu. Mbavu zile hazikutupwa. Mzee alizikwangua, akazichemsha tena na magadi, kisha akazianika juu ya paa mpaka zikawa nyeupe na ngumu. "Nyumba za wenzangu wanaanika mboga," Mama Zuhura alilalamika. "Mimi naanika mifupa. Wageni wanadhani nimeolewa na mganga." Mzee alimjibu kwa Kinubi, neno nisilolijua, na mama akampiga begani kwa kitambaa. Nilipenda kukaa pale. Nasema hivyo wazi kwa sababu baadaye nilifanya kama mtu ambaye hakupenda.

Mifupa ile ilikuwa ya kukwangulia masizi. Injini inayochanganyiwa mafuta mengi hushika masizi ndani, yanakauka yanakuwa magumu kama yale ya chini ya sufuria, tena mabaya zaidi. Pistoni ni ya aluminiamu, chuma laini. Ukikwangua kwa bisibisi unaichimba. Ubavu wa ng'ombe una ukali wa kutosha kung'oa masizi, na ulaini wa kutosha kutoumiza pistoni. Mzee aliuchonga kila mmoja kwa umbo lake, huu wa kichwa cha pistoni, huu wa matundu ya kutolea moshi. Sijaona fundi mwingine anayefanya hivyo, na mpaka leo katika karakana yangu bisibisi haigusi pistoni. Vijana wanadhani ni wazimu wangu.

Katikati ya mwaka ule ikaja injini ya Mama Akinyi, mwanamke wa Mbita aliyekuwa na boti ya kuvusha watu na omena, dagaa wa ziwani. Barua yake niliisoma mimi, kwa sauti, Mzee akiwa amefumba macho kama anayesikiliza mgonjwa. Inawaka vizuri, mama aliandika. Ikienda nusu saa inachoka na kupata joto. Halafu ukiizima haizimiki mara moja, inaendelea kuzunguka kidogo.

"Ehe," Mzee akasema. "Hapo mwisho ndio penyewe. Masizi yamejaa mpaka yanawaka yenyewe huko ndani. Moto haingoji plagi tena. Leta plagi tuone." Plagi kwake ilikuwa ulimi, na daktari huanza na ulimi. Iliyo nzuri ina rangi ya chai ya maziwa. Hii ilikuwa nyeusi, imelowa. "Nani anaendesha hii?"

"Ndugu yake, Okello. Amesema anaitunza sana."

"Anaitunza sana, anaimiminia mafuta kama anapaka mtoto. Na huko ufukweni akingoja abiria haizimi, inanguruma tu polepole saa nzima. Haya, weka dole gumba hapo kwa shimo ya plagi, uvute kamba. Unasikia nini?"

"Inanisukuma kidogo tu, Mzee."

"Kidogo tu. Basi ringi zimekwama. Fungua."

Tulifungua. Matundu ya moshi yalikuwa yamebanwa na masizi hata kidole cha mwisho hakipiti. Ringi mbili za pistoni, zile duara za chuma zinazotakiwa kupanuka na kubana silinda, zilikuwa zimegandia kwenye mifereji yake. Mzee akanionyesha tena kitu alichonionyesha mara kumi. Ndani ya kila mfereji kuna kipini, hakizidi punje ya mtama, kinachozuia ringi isizunguke. Ringi ikizunguka, ncha yake itanasa kwenye tundu la moshi, ivunjike, na injini itakwama papo hapo. "Huku nchi kavu ni hasara," alisema. "Kwa maji ni watu." Tukaitia pistoni kwenye mafuta ya taa ilale humo.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa na jambo ambalo sikumwambia. Mtu mmoja Gatina alikuwa amefungua karakana kubwa, ya ghorofa, yenye mashine za umeme na kibao cha rangi, na alikuwa ameniambia nije saa nane ajaribu mkono wangu. Nilikuwa nimechoka kunuka mafuta ya taa. Nilikuwa nimechoka na mifupa, nawaambia ukweli, wenzangu walikuwa wakiniita daktari wa ng'ombe. Ringi ya juu ilitoka. Ya chini ikakataa. Mzee alinawa mikono aende msikitini kwa swala ya adhuhuri, akaniambia, "Ikikataa usishindane nayo. Irudishe kwa mafuta ya taa, kesho pia ni siku. Kuifunga nitaifunga mwenyewe."

Kesho haikuwa siku kwangu, nilitaka kuimaliza kabla ya saa nane nisiishike tena. Mzee alipopotea kwenye kona nilichukua bisibisi, nikaipenyeza chini ya ringi, nikaipiga kwa kiganja. Kukatoka mlio mdogo. Ringi ikafunguka, na nilipotazama, kipini kilikuwa kimeinama. Nikakisimamisha kwa ncha ya bisibisi, nikakigonga kidogo kwa mpini. Kikasimama. Nilipokigusa kwa ukucha kilicheza. Kilicheza, nilikihisi, sina haja ya kujidanganya. Nikapaka masizi kidogo mahali palipochimbika, nikauweka ubavu juu ya meza karibu na pistoni, ili uonekane umetumika.

Mzee alirudi kutoka msikitini. Akavaa miwani yake, ya mtumba, aliyoinunua kwa mchuuzi wa pale pale relini, akaigeuzageuza pistoni.

"Macho yangu leo hayanisaidii. Kipini kiko sawa?"

"Kiko sawa, Mzee."

"Umetumia ubavu?"

"Nimetumia."

Akapitisha kidole chake cha shahada kwenye mfereji, polepole, mzunguko mzima. Kidole kilipita juu ya kipini, kikaendelea. Akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika. Saa nane nilikuwa Gatina, na kazi nikapewa, nianze mwezi uliofuata.

Siku tuliyoijaribu ile injini ndani ya pipa ilinguruma vizuri ajabu. Ulipoizima, ilizima. Watu wa relini walipiga makofi, na Mzee akanishika bega mbele yao. "Hii mmeiona? Kazi ya huyu kijana." Nilicheka. Nakumbuka vizuri kwamba nilicheka.

Mama Akinyi alikuja mwenyewe baada ya wiki tatu. Sikuwa nimewahi kumwona. Mwanamke mrefu, leso kiunoni, nyuma yake wanaume wawili na injini kwenye mkokoteni. Mimi nilikuwa nimebakiza siku tatu pale. Alikataa kiti.

"Mzee, hakuna mtu amekufa," alisema. "Nasema hiyo kwanza ndio usishtuke. Lakini mashine ilishika katikati ya ziwa, ikakataa kuzunguka kabisa. Watu saba, na mmoja wao mtoto wa dada yangu, ana mimba. Upepo uliwapeleka siku mbili. Wavuvi ndio waliwapata. Hizo siku mbili mimi nilikuwa nimekaa ufukweni, napanga ni nyumba ya nani nitaenda kwanza, na nitawaambia nini. Sikuja kugombana. Nataka tu kuambiwa ni nini."

Mzee aliifungua mbele yake, akaitoa pistoni. Ringi ya chini ilikuwa vipande vitatu. Kipini hakikuwepo. Akaipeleka mlangoni penye jua, akavua miwani, akaisogeza karibu na jicho, akavaa tena miwani. Nilisimama kando ya pipa, kitambaa mkononi. Maneno nilikuwa nayo, yalikuwa mafupi: Mzee, ni mimi, nilitumia bisibisi. Ningeyasema kabla treni haijapita. Treni haikupita kuyazima, na sikuyasema.

"Mama, hii ni mimi," Mzee alisema. "Kipini kilikuwa kimelegea. Nilipitisha kidole changu hapa, mwenyewe, na kidole hakikuniambia."

Mama Akinyi akanitazama. "Na huyu?"

"Huyu hana makosa. Kufunga nilifunga mimi."

Mzee alimpa Mama Akinyi injini yake mwenyewe, iliyokuwa nyuma ya karakana chini ya turubai, ile aliyokuwa akisema atarudi nayo Kisumu akizeeka. Asubuhi yake aliwaita mafundi wote wa upande ule wa reli. Walisimama kwa mzunguko, wengine wakidhani kuna mgao wa kazi, na yeye akawaeleza yote, boti, watu saba, yule mjamzito. "Kidole kikishakufa, fundi amekwisha," akasema. "Nimeacha leo. Na nyinyi mkifika hapo mwache, msiue watu kwa kuona aibu." Kisha akanigeukia mbele yao wote na kunikabidhi sanduku lake la vifaa. Nililipokea kwa mikono miwili, nikasema asante. Ndilo hilo nililolikalia Jumanne Zuhura aliponipigia simu. Spana zake zimelisha watoto wangu.

Nilimtembelea mara mbili baada ya hapo. Alikaa kwenye kiti cha mbao mlangoni pa nyumba yake, akaniuliza injini gani ninazotengeneza, akafurahi kwa kila jibu. Mara ya pili alimwambia jirani, "Huyu ndiye alibeba kazi yangu." Sikurudi tena. Nilituma salamu, sikukuu nilituma sukari na unga, na watu wa nyumba ile walinisifu kwa kutosahau. Hata kisingizio nilikipata, kizuri, cha mtu mwenye akili. Nilijiambia kwamba nikisema ukweli nitamharibia heshima, maana Kibera nzima inamjua kama fundi aliyekuwa na moyo wa kuweka chini vifaa vyake mwenyewe. Nimekaa na kisingizio hicho kama mtu anayekaa na mpangaji asiyelipa, namjua ni mwizi na namsalimu kila asubuhi.

Jumamosi nilikwenda. Ua ulikuwa umejaa, mikeka imetandikwa hadi nje, nikavua viatu na kukaa karibu na mlango. Baada ya dua watu waliombwa waseme kidogo juu ya marehemu. Akasimama mzee mmoja aliyekuwa dereva wa lori. Alisema yeye alikuwepo asubuhi ile relini, na macho yake yalipoanza kumsumbua alikumbuka maneno ya Faraj akarudisha funguo za gari. "Sijui ni watu wangapi wako hai sababu ya huyu mtu," alisema, na watu wakaitikia. Kisha kijana mmoja, mjukuu, akanionyesha kwa mkono. "Na uncle Odhis aseme. Yeye ndiye alikuwa na yeye kila siku."

Nilisimama. Nikasema alikuwa fundi bora kuliko wote niliowahi kuwaona. Nikakaa. Watu wakasema amina, na mtu aliyekaa kando yangu akanipiga goti taratibu kunifariji.

Nilimkuta Zuhura nyuma ya nyumba akiosha masinia, mama yake akiwa amelala ndani. Nywele zake zimeanza mvi kama zangu. Alinicheka, "Odhis, kumbe bado unajua njia ya Kibera," na mimi badala ya kucheka nikaanza kusema. Nilisema yote kwa mpangilio, Gatina saa nane, bisibisi, kipini kilivyocheza chini ya ukucha, ubavu niliouweka mezani, maswali mawili aliyoniuliza na majibu yangu. Niligundua nalia nilipofika kwenye sanduku. Maji ya mfereji yalikuwa yakiendelea kumwagika ndani ya beseni, na hakuyafunga.

"Baba alikuwa na miaka hamsini siku hiyo," alisema mwishowe.

Akaegemeza sinia ukutani.

"Alipimwa macho baadaye, unajua? Ilikuwa tu miwani. Daktari alimpa ya maana, na mpaka mwaka huu alikuwa anasoma gazeti yote, hata matangazo ya vifo. Tukamwambia, Baba, rudi kazini basi. Anatuonyesha hii." Aliinua kidole chake cha shahada, chenye povu la sabuni. "Anasema miwani ni ya macho, hii haina miwani yake. Miaka thelathini, Odhis. Kwa kile kiti. Usiku akidhani tumelala anapapasa ukingo wa kikombe, anazungusha, anazungusha, anajaribu kama kimerudi kuhisi. Na kilikuwa kinahisi. Si ndio?"

"Kilikuwa kinahisi," nikasema. "Kilikuwa kizima. Nilikisimamisha kile kipini vizuri ndio maana hakukijua. Mtu yeyote hangekijua."

Akafunga mfereji. Akajifuta mikono kwa kanga yake, kidole kimoja kimoja, bila haraka. Ndani watu walikuwa bado wanaongea, nikamsikia yule dereva akirudia hadithi yake kwa waliochelewa.

"Rudi ndani," Zuhura alisema. "Waambie vile umeniambia mimi, usipunguze kitu. Anza na bisibisi. Na hayo machozi uyaache hapa. Ukilia watakuonea huruma."

Nikanawa uso kwenye beseni lake, nikazunguka nyumba hadi mbele, nikavua viatu kwa mara ya pili siku ile, nikaingia.